Tumbo la Kreni ya Opereta

Benchi ni langu. Nalisema mapema, kwa sababu ukipita hapa asubuhi utadhani mimi ndiye mgeni: wao wamekaa, mimi fundi viatu nimesimama na kiatu cha mtu mkononi, natafuta pa kuweka kopo la gundi. Jumanne hiyo hata kopo halikupata nafasi, maana katikati ya benchi Opereta alikuwa ameweka kreni yake. Opereta aliendesha kreni za kweli, zile za kupandisha zege ghorofani, mpaka magoti yakamkataa. Siku hizi anajenga za vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea vinavyobanana kimoja juu ya kingine. Hii ilimfika begani akiwa amekaa. Mnara wa kijivu, mkono mrefu mwekundu, nyuma ya mkono mzigo wa njano wa kuuzuia usielemee mbele, na chini, penye mota, tumbo lililofungwa pande zote. Pembeni aliweka kopo la maziwa limejaa vitofali vya kijivu vya akiba. Birika la kahawa nalo lilikuwa limejaa, na hilo ndilo lililowaleta wengine.

Opereta akabonyeza swichi. Mkono ukazunguka taratibu, ukagonga kizuizi, ukasimama. Hapo ndoano, bila mtu kugusa kitu, ikaanza kupanda na kiatu cha mteja wangu.

Daktari, ambaye ni fundi simu na tunamwita hivyo kwa sababu hufungua wagonjwa wengi kuliko anaowafunga, akaweka kikombe chini.

Daktari: Rudia.

Opereta: Nimerudia mara nne. Mota ni moja tu. Inazungusha mkono, mkono ukizuiwa, inanyanyua ndoano.

Breki: Sasa ndani kuna nini?

Huyo ni dereva wa teksi. Jina alipewa na abiria.

Opereta: Ndiyo shida yenyewe. Sijui.

Wahenga: Hujui vipi na umejenga mwenyewe?

Huyo ni kinyozi wa pale kona.

Opereta: Mnara mimi. Mkono mimi. Ndoano mimi. Tumbo… tulikuwa wawili.

Hakuna aliyeuliza wa pili ni nani. Sote tunajua, na sote tukatazama vikombe vyetu.

Opereta akatoa simu. Video ya kreni aliiweka kwenye kundi la wajenzi wa vitofali, watu wa nchi mbalimbali wanaopeana michoro yao, picha moja kwa kila hatua, ili mwingine ajenge kwake. Mwalimu mmoja wa ufundi, wa mbali huko, alikuwa amemwandikia tena. Akatusomea kwa sauti ya chini.

Opereta: “Mzee wetu, kwa kutazama video tumejenga mnara, tumejenga mkono, tumefika tumboni tumekwama. Maonyesho ni Ijumaa. Wanafunzi wangu kumi na wanane wananiuliza kila asubuhi kama umetuma hatua.” Mimi nimekuwa nikimjibu kesho. Wiki ya tatu hii.

Wahenga: Bomoa, piga picha kila unapong’oa, umalize.

Opereta: Na ikikataa kurudi? Mwezi uliopita nilichomoa pini moja tu ya ubavuni. Ndani kikalia kitu tak, kreni ikagoma siku mbili. Nikibomoa nitakosa kreni, na hao watoto watakosa hatua.

Wahenga: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Ndiyo maana tunamwita Wahenga. Ana methali nyingi na hana subira ya kungoja mahali pake.

Breki: Hiyo inaingiaje hapa?

Wahenga: Itaingia. Ipe muda.

Daktari: Sikilizeni. Kuna mota ya pili humo. Ndogo, kama ile inayotetemesha simu.

Opereta: Nyaya zinazoingia ni mbili tu.

Breki: Basi ni mpira wa suruali. Mkono unapozunguka unaukaza, ukigonga mpira unaachia.

Opereta: Miezi saba tangu lifungwe? Mpira gani huo usiolegea? Suruali yako mwenyewe haijafika miezi saba.

Daktari: Kama si mpira, ina kumbukumbu. Mimi nikitaja godoro tu, simu inaniletea matangazo ya magodoro. Hii imemsikia Opereta akisema “pandisha, pandisha” miezi yote hiyo.

Breki: Plastiki isikie?

Daktari: Plastiki imetoka wapi? Kwenye mafuta. Na mafuta? Kwenye viumbe wa kale. Hao hawakuwa na masikio?

Wahenga: Siyo masikio, ni mazoea. Mimi mkono wangu unanyoa hata nikisinzia.

Breki: Ndiyo maana mimi nanyolewa kwingine.

Daktari: Tuipeleke hospitali. Wanapiga picha za vifua, watashindwaje na tumbo la plastiki?

Breki: Pale dirishani utaandikisha jina la nani?

Daktari: La Opereta. Tumbo si lake?

Opereta: Nimeshawaambia silo langu.

Wahenga: Wacheni hizo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mimi nilikuwa naunga soli na sikutaka kuingia, lakini hiyo ilinishinda.

Nikasema: Wahenga, lake si ndilo hilo, katikati ya benchi langu?

Wahenga akanywa kahawa yake.

Hapo akatokea dada mmoja mwenye daftari na kofia ya idara ya maji. Hatukuwa tumewahi kumwona.

Dada: Samahani, baba zangu. Nasoma mita, na mita iko nyuma ya miguu ya huyu baba.

Breki akahamisha miguu. Dada akachuchumaa, akaandika namba zake, na alipoinuka akakutana uso kwa uso na kreni. Opereta, ambaye hawezi kumnyima mtu, akabonyeza swichi. Dada akatazama mpaka kiatu kikafika juu.

Dada: Nimewasikia mkibishana tangu pale kona. Aliyejenga hapa chini yuko wapi?

Videvu vinne vikaelekea ng’ambo ya barabara. Hatua arobaini, nimeshazihesabu. Kibanda cha kioo, na ndani yake fundi saa ameinamia saa ya mtu, lenzi jichoni. Ni kaka wa mke wa Opereta, sisi twamwita Shemeji. Hawa wawili walikuwa wakijenga hapa kwangu kila Jumapili, na kelele zao za “lete pini” na “siyo hiyo” nilizichukia. Kwa miezi saba sasa hawasalimiani, na nakiri, Jumapili zimekuwa ndefu.

Dada: Yule pale? Na mnataka kwenda hospitali?

Breki akarudisha miguu mahali pake.

Dada: Kwani, mzee, mligombana nini?

Opereta akakohoa. Alianza kusimulia kama mtu mwenye kesi iliyonyooka.

Opereta: Ni huu mzigo wa nyuma. Mimi nimeendesha kreni miaka ishirini na sita, binti yangu. Mzigo wa nyuma ni zege, na zege ni kijivu. Yeye akasema uwe wa njano. Nikamuuliza kwa nini. Akasema watu hutazama ndoano tu, hawatazami kinachoizuia kreni isianguke, basi tukipe rangi wakione. Nikamwambia, kreni umeendesha wewe au mimi? Akakusanya bisibisi zake akaondoka.

Dada akazunguka benchi. Akaugusa mzigo kwa ncha ya kalamu.

Dada: Mbona ni wa njano?

Tukautazama. Asubuhi nzima ulikuwa mbele yetu, mkubwa kama mche wa sabuni, na hakuna aliyeuona. Daktari akamtazama Breki. Opereta alikuwa anasugua goti lake, na sijawahi kumwona akisugua goti kwa muda mrefu hivyo.

Wahenga akainamisha birika juu ya kikombe. Yakatoka machicha.

Opereta akainuka, akavua kiatu cha mteja wangu kwenye ndoano, akaibeba kreni kifuani na kuanza kuvuka. Nilifurahi, nasema wazi, na nikaogopa pia asije akarudishwa mbele yetu. Tukamfuata. Tulidai tunasaidia kubeba, lakini tulichobeba ni vikombe vitupu. Dada wa mita naye akaja.

Shemeji hakutoa lenzi. Aliitazama kreni kuanzia chini, taratibu, mpaka akafika nyuma ya mkono. Hapo jicho likatua.

Shemeji: Umeubadilisha.

Opereta: Vitofali vya kijivu viliniishia.

Shemeji akatikisa kichwa kukubali. Akasogeza saa za watu pembeni, akailaza kreni ubavu, akabonyeza kwa kidole gumba mahali fulani chini, na tumbo likatoka zima zima kama droo. Hakikung’oka hata kitofali kimoja. Ndani mlikuwa na gia ndogo nne zimekumbatiana kwenye kitu kama kizimba.

Breki: Hiyo si difu?

Shemeji: Ni difu. Ile ile iliyo chini ya gari lako. Gurudumu moja likikwama, nguvu yote inakimbilia jingine. Hapa mkono ukikwama, nguvu inakwenda kwenye ndoano.

Breki akainama kuitazama. Amekalia difu miaka kumi na tisa.

Opereta: Kuna watoto kumi na wanane wanangoja hatua. Ijumaa.

Shemeji: Kaa, basi. Simu yako ina chaji? Shika hapo juu, usitikise. Hatua ya kwanza.

Opereta: Ngoja. Mwanga mbaya.

Shemeji: Mwanga uko sawa, wewe ndiye unayejizibia.

Wakaanza. Niliwaacha wote wameegemea kioo, dada wa mita mbele yao, nikarudi kwenye kazi yangu. Benchi lilikuwa tupu, nikaweza hatimaye kuweka kopo langu la gundi. Kando yake kopo la maziwa la Opereta lilikuwa pale pale, limejaa vitofali vya kijivu mpaka mdomoni. Nikageuka kutazama ng’ambo. Shemeji alikuwa ameinama bado. Nikalisukuma kopo hilo la maziwa chini ya benchi, nikaliziba na viatu vya watu.