Wa Watu Gani?

Ndani ya basi la Korogwe, Mzee Mbwana aligeuza jalada la kitabu alichokuwa akisoma, akaona picha ya mwandishi, akamtazama binti aliyekaa pembeni yake. "Kumbe mwandishi ni wewe! Mzigua mwenzetu!"

"Shikamoo, mzee. Somalia nilikozaliwa, walikopelekwa mababu zetu utumwani, waliniita Mzigua. Handeni wananiita Msomali. Mimi ni Ikram tu."

Nyuma yao mwalimu Hamisa, ambaye mama yake ni Mzigua na baba Msambaa, alisahau kutafuna karanga zake.

"Lazima uwe wa watu fulani, mwanangu!" Mzee Mbwana alisema.

"Basi niwe wa wanaonisoma."

"Nimekusoma mara mbili! Kwa hiyo ni wetu!"

"Na Mmasai akinisoma, mzee?"

Hamisa hakuweza kujizuia tena, akasimama. "Hata mimi nimemsoma! Mniweke upande gani?"

Basi lilisimama stendi. Konda aliwaambia washuke, lakini wote watatu walikuwa wakiongea kwa pamoja.