Kinga Iliyodhaniwa Mkinga

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Ambilikile, tunakusalimu: ugonile. Sisi wanawake wa kikundi cha Tusajigwe, yaani tumebarikiwa, tunakushukuru kuja Busale kuzindua ghala letu la mpunga, tena umechelewa saa mbili tu.

HISTORIA
Tulianza wanane. Katibu wetu ni Keziya, mke wa Erasto, mtoto wa kaka yako. Mwaka juzi jicho lake moja liliingia ukungu, kisha miguu ikafa ganzi. Ndoa nayo ina miaka minne bila mtoto.

MAFANIKIO
Daktari wa Mbeya aliutambua ugonjwa wa Keziya: kinga ya mwili wake inashambulia mishipa yake ya fahamu. Mama mkwe wake, Bibi Hosiana, aliyemsindikiza, aliirudisha habari kijijini kwa ufupi. “Nimesikia kwa masikio yangu,” alisema, “ni Mkinga anamshambulia.” Kufikia jioni, yule mtu wa kabila la Wakinga anayetuuzia viazi alikuwa amefukuzwa sokoni na magunia yake. Viazi vilipoadimika, akili zilirudi, tukamfuata kumwomba radhi.

CHANGAMOTO
Tumbo la Keziya limekuwa ajenda ya kudumu, mbele ya mbolea na barabara. Tulipofafanua kwamba ni kinga, si Mkinga, wakwe walidhani anatumia kinga ya mimba, wakapekua hadi godoro wakitafuta vidonge.

Mheshimiwa, daktari alisema wazi kwamba ugonjwa huu wenyewe haufungi kizazi, na wengi walio nao wanazaa. Ila unachosha, unapunguza hisia na hamu, na baadhi ya dawa zake zinataka mimba ipangwe na daktari kwanza. Akaagiza Erasto naye apimwe. Erasto mpaka leo ana kazi nyingi. Jambo hili linatuuma sana.

MAOMBI
Hatuombi bati wala saruji. Jumamosi unaongoza kikao cha ukoo cha kumtafutia Erasto mke wa pili. Tunaomba barua ya daktari isomwe kwanza, yote, na asiisome Bibi Hosiana. Tunaomba pia gari lako likirudi mjini limchukue Erasto akapimwe.

Mungu akulinde, na mpunga wetu usikose mvua. Ndaga fijo, asante sana.

Anayekusomea risala hii ndiye Keziya. Anaomba kiti sasa, miguu imeanza kufa ganzi. Jumamosi atakuja kikaoni, hata kama hajaalikwa.

Ni sisi,
Wanawake wa Tusajigwe, Busale.