Ufunguo wa Sanduku Namba 14

Waombolezaji, kabla sijasoma lolote nawauliza: ni nani hapa aliyekaa na ufunguo wa sanduku namba 14? Haya, nyamazeni, mtajibu mwisho.

Baba yetu, Mzee Bartholomew Egau, alizaliwa Kwapa tarehe 3 Juni 1909, akasoma shule ya misheni Kisoko hadi darasa la nne, akaajiriwa Posta Januari 1931 kuwa mchukuzi wa barua, Tororo hadi Busia na kurudi, kwanza kwa miguu, halafu kwa baiskeli, mfuko umefungwa kwa lakiri, na lakiri hiyo hakuivunja hata siku moja. Tarehe 12 Agosti 1934 alimwoa mama yetu Asekenye, wakajaliwa watoto watano, tumebaki watatu, na mimi Ikiring ninayesoma ndiye yule mwenye B.A. isiyo na kazi, so mnivumilie.

Chama cha wafanyakazi wa posta kilipofungua tawi hapa mpakani mwaka 1953, Papa alijiandikisha wa kwanza, akakipenda kama kanisa. Januari mwaka huu 1958 alianza kukohoa damu, daktari akaandika asipande tena baiskeli, apewe kazi ya kukaa, chama kikamwombea kwa wakubwa, na kwa hilo, fair enough, tunashukuru. Lakini majibu huja kwenye sanduku la posta la chama, hilo namba 14, na mwezi Machi ukaja uchaguzi, Bwana Herbert Egesa akasema mwenyekiti ni yeye, Bwana Fabiano Apendi akasema mwenyekiti gani, hata minutes hujui kuandika, Herbert akakaa na ufunguo mfukoni, Fabiano akaapa kumshtaki akifungua bila yeye, basi hakuna aliyefungua.

Jibu lilifika tarehe 26 Machi, kwamba Papa amekubaliwa, akae mezani tangu siku hiyo, na aliyelileta kutoka Tororo ni yeye mwenyewe, ndani ya mfuko, mgongoni, akikohoa. Likakaa sandukuni siku arobaini na moja. Mama alimwambia, Papa Ikiring, si uvunje tu hiyo sanduku, yeye akajibu kwamba barua ni ya chama, si yake. Jumanne tarehe 6 Mei alianguka njiani, baiskeli juu yake, lakiri nzima. Jana tu Bwana Posta, mkuu wa ofisi, ameruhusu barua ya Papa itolewe kwa nyuma ya sanduku, ndiyo hii mkononi mwangu, approved, imepigwa mhuri.

Tunamshukuru daktari, majirani wa Kwapa na Malaba, na wachukuzi wenzake waliobeba jeneza, eyalama noi. Papa, mzigo umeshuka, lala.

Na ninyi wawili, Herbert na Fabiano, msinililie hapa. Barua nyingine nne za chama zimo bado mle ndani, na mchukuzi Swaliki, mwenye kifua kama cha Papa, asubuhi hii amepita hapo barabarani na mfuko. Inukeni sasa hivi, kabla udongo haujaingia, mkafungue sanduku, nasi tutawasubiri hapa hapa kaburini.