Mukaba wa Saa ya Baudouin

Benchi la pale mtaa wa Bigo, kando ya mama muuza kahawa, halikosi watu wawili: Michel, wanayemwita Avoka maana anatetea kila kitu bila kuitwa, na Kasereka, wanayemwita Météo maana anatabiri yote isipokuwa mvua. Asubuhi ile Josaphat alikaa katikati yao. Mapajani, juu ya leso, ilikuwa saa ya yaya wake, yaani kaka yake mkubwa, Baudouin, aliyekufa na lori lake kwenye barabara ya Niania. Mchana familia ingetoa matanga, kumaliza msiba, na mjane angemvalisha mtoto wake wa kwanza saa hiyo mbele ya wajomba. Mukaba wake, ule mkanda wa ngozi wa kuifungia mkononi, ulikuwa wa zamani, na mjane alikataa katakata usibadilishwe. Sasa jamani, mukaba huo ulikuwa unatoka jasho.

— Tazameni! Napangusa, inarudia. Mungu wangu!

— Ulipaka nini? Avoka akauliza.

— Mafuta ya ngombe, ile ya maziwa. Ilikuwa imekauka, nikaogopa itakatika mbele ya watu. Tate yetu, babu wa Irumu, alikuwa anapaka vile kamba za ngozi za ngombe.

— Ulipaka kidogo?

— Mingi. Kisha nikaanika ku jua, ikunywe muzuri.

— Ku jua! Mukaba ya saa unapangusa vumbi, unapaka kidogo tu na kitambaa, unaacha mu kivuli. Weye umeikaanga!

Météo akainama, akanusa, akasogea mbali.

— Hii haiko mafuta. Iko jasho ya Baudouin. Mukaba ilikuwa inaikunywa siku zote, sasa inarudisha.

Josaphat akaisogeza leso hadi magotini.

— Napinga! Avoka akadakia. Marehemu hana neno. Mwenye hasira iko ngombe. Ngozi ya mutoto ya ngombe, unapaka mafuta ya maziwa ya mama yake? Imesikia harufu, imeamka.

— Na itakaza, Météo akaongeza. Itakaza mukono ya ule mutoto mupaka vidole viwe vyeusi.

— Mama yangu! Nifanye nini?

— Uizike na chumvi, Météo akasema.

— Na wajomba?

— Sema imeibiwa.

Usicheke. Ukiwa na hofu, hata maneno ya Météo unayaamini. Josaphat alikuwa ameshafunga leso, amesimama, Bénédicte akatokea na kitambaa cheusi kichwani. Ndiye mjane mwenyewe.

— Shemeji, leta saa. Nimesikia umeitengeneza.

Akampa, afanyeje? Bénédicte akaupapasa mukaba, akatabasamu.

— Imelainika. Aksanti sana.

Akaugeuza. Akaupapasa tena, polepole, na tabasamu likaisha.

— Kulikuwa alama hapa. Chuma ya kufungia ilikuwa imekata ngozi ku tundu yake. Nilitaka mutoto aone mukono ya baba yake ilikuwa mukubwa namna gani. Shemeji, Baudouin alikuwa anafungia ku tundu gani?

Ngozi ilikuwa imevimba kwa mafuta, nyeusi, laini, alama imefutika, matundu yote sawasawa.

Sasa ndipo Josaphat alipoogopa kweli, na si ng'ombe wala mzimu. Alifumba macho kuutafuta mkono wa yaya wake kwenye usukani. Aliuona ukimpungia. Tundu hakuliona.

Bénédicte aliendelea kupitisha kidole, tundu kwa tundu, halafu akaanza upya.