Picha Juu ya Tanuri

Dada mtu alikaa kiti cha nyuma cha basi, kamng'ang'ania mkono kaka yake mwoka mikate utadhani ataibiwa. Asubuhi hiyo ndiyo walimwachia, baada ya siku kumi na moja mahabusu. Kisa? Aliishusha picha ya mkuu wa nchi isije ikaharibiwa na moshi wa tanuri.

Mbele yao mwalimu mstaafu na fundi viatu walikuwa wakitoana jasho kwa ubishi juu ya serikali. "Wametaifisha viwanda vya unga. Huo ni usoshalisti, bwana!" "Usoshalisti gani, mwalimu? Unga wanakula wao, ukiguna unawekwa ndani. Huo ni ufashisti mtupu!" "Ufashisti una maana yake!" Fundi viatu, ambaye huona miguu kabla ya sura, akageuka. "Basi tumuulize huyu. Viatu vizuri, kamba hana. Katoka ndani huyu, huko kamba huvuliwa. Eti ndugu yangu, ni upi?"

Basi likasimama. Kaka akainuka, akamgeukia dada yake. "Hamira ipo?"

"Ipo. Na picha, askari wamekuja kuitundika wenyewe."

"Wapi?"

"Juu ya tanuri."

Kaka akaangua kicheko kile kile cha siku zote, na hapo ndipo dada alipomwachia mkono.