Kengele ya Falka na Masikio ya Rosina

"Ng'ombe wa kijiji hawakabidhiwi mtu ambaye masikio yake yanakula betri."

Mheshimiwa Meya, Baba Paroko, Ndugu Wajumbe wa Ushirika wa Malisho, wageni waalikwa, na akina mama mliotupikia leo: maneno hayo aliyatamka juzi Mwenyekiti wetu, Mzee Korbinian Thaler, kumhusu binti Filomena, anayeomba kazi ya kuchunga mlimani. Nayajibu mbele yake, kwa sababu yamechakaa. Aliyasema hayo hayo miaka thelathini iliyopita kumhusu Rosina Egger, tunayemuaga leo anapostaafu kuchunga ng'ombe wetu. Akaongeza: "Hicho kidude cha kichwani hakitamaliza hata viangazi vitatu."

Mzee wangu, kimemaliza thelathini! Kifaa cha kusikia ambacho madaktari wa mji wa Innsbruck walikipandikiza chini ya ngozi yake ndicho kile kile hadi leo. Kilichobadilishwa ni cha nje, kinachokaa nyuma ya sikio, kama wewe ulivyobadilisha matrekta, na hatukusema hujui kulima. Je, vya ndani haviharibiki kamwe? Huharibika, vichache, na daktari huweka kingine. Je, Rosina alisikia vizuri tangu siku ya kwanza? Wapi! Alisema mumewe anaongea kama bata aliyefunikwa ndoo. Alijifunza kusikia majira ya baridi mazima, na mumewe naye akajifunza kuongea kwa adabu.

Nani amesahau kiangazi kile cha ukungu? Mimi, daktari wenu wa mifugo, nilikuwa mlimani ng'ombe wakirudi zizini, na hatukuwaona hata mikia. Mzee Korbinian akasikiliza kengele za shingoni mwao, akasema, "Wote wamo."

Rosina akajibu, "Kengele ya Falka haimo. Ile yenye ufa."

"Kiziwi ndiye atanifundisha kusikia?"

"Subiri nibadilishe betri, mzee, halafu unitukane upya. Matusi mengine yamenipita."

Tulimkuta ng'ombe huyo, Falka, amekwama kwenye ukingo wa genge, na mimba yake, tukamvuta akiwa hai. Ng'ombe mmoja akifia mlimani, kundi zima hushuka bila mataji ya maua. Nani hapa hajui aibu ya mwaka kama huo? Mwaka ule walishuka wamepambwa hadi kwenye pembe. Na taji la Falka alilisuka nani? Mzee Korbinian kwa mkono wake! Lilikaa upande, lakini alilisuka.

Dada Rosina, leo wajukuu wako wanakunong'oneza siri, nawe unazisikia. Na hotuba ikikuchosha, unajizima. Nimekuona Meya alipokuwa akizungumza. Sisi wengine tulivumilia.

Lakini Filomena, yule pale karibu na wapiga tarumbeta, hacheki. Mkimkataa leo, kesho anashuka bondeni kutafuta kazi kiwandani, na kifaa chake kizima kabisa kichwani.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Sasa nataka mikono. Ndugu Wajumbe, mpigieni Filomena kura hapa hapa, kabla bia haijamiminwa. Na wewe, Mzee Korbinian, inua wako kwanza.