Wasomaji Wawili wa Blogu

Ndani ya basi, fundi saa mmoja alijifanya amesinzia, lakini masikio yake yalikuwa siti ya mbele, ambako kijana mmoja alikuwa akimlilia mama asiyemjua. "Niliunganisha blogu yangu na programu ya barua pepe, mama, ili nikiandika tu, wasomaji wapelekewe. Kumbe imewapelekea hata rasimu ya kumsema mama mkwe! Na sasa kwake ndiko ninakokwenda."

"Wasomaji wenyewe wangapi, mwanangu?"

"Wawili. Mke wangu na mama yake."

Fundi akakohoa kuficha kicheko. Programu imefanya kazi yake, hakuna msomaji aliyerukwa.

"Kamwombe radhi."

"Pengine hajaifungua."

"Thubutu! Ameshairudia mara tatu."

Basi likasimama. Kituoni alisimama mama mkwe, miwani puani, simu mkononi. Kijana akainama chini ya dirisha, akamwuliza kondakta gari linaishia wapi.